Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Utalii wa Mazingira Katika Viunga vya Eldoret

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hotuba za utalii nchini Kenya, nusu ya kwanza ya methali hii ndiyo isikikayo zaidi. Mgeni huitwa kwa mabango, kwa vijitabu vya picha za kuvutia na kwa ngoma za makaribisho. Nusu ya pili, inayodai kwamba ujio wa mgeni umpe mwenyeji nafuu, husahauliwa mara tu mgeni anapotua mzigo. Ilhali katika misitu na mabonde yaliyo karibu na jiji la Eldoret, ni nusu hiyo ya pili itakayoamua iwapo vizazi vijavyo vitakuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni.

Istilahi ya utalii wa mazingira ilipata umaarufu hasa Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2002 kuwa mwaka wa kimataifa wa utalii huo. Utalii wa aina hii husimama juu ya mafiga matatu: kuhifadhiwa kwa maumbile, kunufaika kwa wenyeji na kuelimika kwa mgeni. Figa moja likiondolewa, chungu hupinduka. Hoteli iliyoezekwa kwa nyasi na kupakwa rangi ya kijani, lakini ikamzuia mchungaji kunywesha mifugo yake mtoni, haistahili kuitwa kwa jina hilo hata kidogo.

Ni bayana kwamba eneo hili halikunyimwa neema ya maumbile. Msafiri atokaye Eldoret kuelekea Iten, mwendo wa kilomita zipatazo 35, hufika ukingoni mwa genge na kuliona Bonde la Kerio likiwa limetandazwa chini yake, zaidi ya mita elfu moja. Huko bondeni imo hifadhi ya Rimoi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1983, ambamo ndovu hupita wakifuata maji na malisho. Upande wa kusini mashariki mwa jiji umo msitu wa Kaptagat, na kaskazini imeinuka milima ya Cherangany. Aidha, wanariadha kutoka pembe zote za dunia huja Iten na Kaptagat kufanya mazoezi. Hao ni wageni wa majuma na miezi, wanaokula vyakula vya sokoni na kupanga nyumba za wenyeji. Mandhari na hewa ya nyanda za juu ndivyo vilivyowavuta.

Hata hivyo, mtalii mkubwa kuliko wote wa misitu hiyo hafiki kwa ndege. Mtalii huyo ni Eldoret yenyewe. Milima ya Cherangany ni mojawapo ya chemchemi kuu tano za maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Mlima Elgon. Upande mmoja mito yake huteremka kuelekea Ziwa Victoria, na upande wa pili kuelekea Ziwa Turkana. Sehemu kubwa ya maji ya Eldoret hutoka bwawa la Chebara, lililojengwa kwenye mto Moiben unaoanzia milimani humo. Mkazi wa Langas au Kapsoya afunguapo mfereji asubuhi huwa amefika Cherangany bila kulipa kiingilio. Tangu Agosti 2024 Eldoret ina hadhi ya jiji, na jiji lizidipo kukua ndivyo kiu yake izidivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nani basi aliyeuunda msitu huo ukaelea hadi leo?

Hapo ndipo kisa cha Embobut kinapouma. Msitu huo wa Cherangany ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1954, enzi za ukoloni, ilhali Wasengwer walikuwa wakiishi humo kwa uwindaji, ufugaji wa nyuki na malisho tangu jadi. Mnamo Januari 2014 askari wa misitu waliingia kuwaondoa wakazi, na nyumba zikateketezwa. Serikali ilikuwa imetenga shilingi 400,000 kwa kila familia iliyoorodheshwa. Wasengwer wengi walipinga wakisema kwamba ardhi ya mababu haikuwa ikiuzwa. Januari 2018, baada ya Msengwer mmoja kuuawa kwa risasi wakati wa operesheni ya askari wa misitu, Umoja wa Ulaya ulisimamisha ufadhili wa mradi wa euro milioni 31 uliokusudiwa kuhifadhi chemchemi za Cherangany na Mlima Elgon. Hivyo basi, mradi wa kuokoa maji ulikwama kwa sababu haki ya binadamu aliyekaa kando ya maji hayo haikulindwa.

Wapo watakaopinga hoja hii, na pingamizi lao si la kubezwa. Watasema kwamba Embobut haikuharibiwa na mizinga ya nyuki. Miti ilikatwa, mashamba yakalimwa kwenye miteremko mikali, na miongoni mwa wakazi walikuwemo watu wengi wasio na asili ya msituni, wakiwemo waliokimbia maporomoko ya ardhi. Yote haya ni kweli. Lakini dawa ya kumtenga mharibifu na mlinzi ni kuwatambua kwanza, kisha kuwakabidhi walinzi wajibu unaopimika. Kuwafukuza wote kwa pamoja ni kumwondolea msitu shahidi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotoa hukumu kuhusu Waogiek wa Mau mnamo Mei 2017, ilikataa dai kwamba uhifadhi wa msitu ulihalalisha kufukuzwa kwao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe ugavi wa haki wa manufaa ya maliasili, ilinde maarifa asilia na kuhimiza ushiriki wa umma. Sheria haipungukiwi na maneno. Iliyopungua ni nia.

Mifano ya kuigwa haipo mbali. Huko pwani, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993. Wakulima hufuga vipepeo na kuwauza, wakiwa bado katika vifuko vyao, kwa majumba ya maonyesho ng'ambo. Kipepeo hutegemea mimea ya msituni. Kwa hiyo mkulima aliyetamani msitu ufyekwe apate shamba alipata sababu ya kuulinda. Kule Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua mwaka 1996 nyumba ya wageni inayomilikiwa na jamii yenyewe. Katika mifano yote miwili, mwenyeji hakuajiriwa kama mchezaji ngoma katika nyumba yake mwenyewe. Alikuwa mwenye mali.

Kipimo hicho hicho kitumike Kerio. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa usiku na ndovu wa Rimoi hawezi kuambiwa asubuhi kwamba mnyama yule ni fahari ya taifa, ikiwa fahari hiyo haijawahi kumnunulia mwanawe hata daftari. Mapato ya hifadhi yafike kwa kaya zinazopakana nayo, fidia ilipwe kabla njaa haijabisha hodi, na vijana wa bondeni wawe viongozi wa wageni wenye mafunzo. Vivyo hivyo, sehemu ya malipo ya maji mjini irudi Cherangany, kwa wale watakaokubali kuilinda miti ya chanzo. Amani pia itafutwe, kwa maana wizi wa mifugo umelifanya bonde hilo liogopwe na mgeni na mwenyeji pia.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanalo la kufanya katika jambo hili. Mipango ya uhifadhi huandikwa kwa Kiingereza, ikajadiliwa kwa Kiingereza hotelini, kisha mwanakijiji akaombwa atie sahihi. Ushiriki wa namna hiyo ni kiini macho. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, na ndiyo lugha ambamo Mkeiyo, Mmarakwet, Msengwer na ofisa aliyetoka kwingineko wanaweza kusikilizana. Tafsiri za mipango hiyo, istilahi za uhifadhi zinazoeleweka, na majina ya miti na mito yaliyokusanywa kutoka kwa wazee ni kazi inayolingana na tasnifu yoyote. Mgeni anayeelezwa jina la mti na matumizi yake huondoka na kitu kisichopigwa picha.

Methali ya wahenga haikutanguliza mgeni kwa sababu yeye ni bora. Ilimtanguliza kwa sababu ana deni. Eldoret, mgeni wa kila siku wa Cherangany, bado haijalilipa.