Jumba la Sanaa la Mtaa: Tuombe kama Raia, Tutumie kwa Uwazi



Katika mitaa ya Ibanda, kuanzia Panzi hadi Nyalukemba, hatukosi mikono yenye kipaji. Wapo wanaochora mabango ya maduka, wanaochonga mbao, wanaosuka vikapu, wanaopiga picha, na wanaopamba makanisa yetu wakati wa Noeli na Pasaka. Tunachokosa ni mahali. Kazi hizo huonekana siku moja, kisha hurudi chini ya kitanda kungojea unyevu na panya. Ndiyo maana vijana wengi hutamani kuwa na jumba dogo la sanaa la mtaa, linaloendeshwa kwa kujitolea, bila mshahara na bila tajiri nyuma yake. Na kila tamaa hiyo inapozungumzwa, swali moja hurudi: je, inafaa kwenda kugonga mlango wa komini na kuomba msaada?

Wengi hujibu kwamba haifai. Wanasema Leta, kama tulivyozoea kuiita serikali, haijui kutoa, inajua kutoza tu. Wengine wanahofu kwamba mkono unaopokea hufungwa kinywa. Hofu hizo zina msingi, wala sitaki kuzidharau. Hata hivyo naona kwamba kuomba kunafaa, na zaidi ya kufaa ni sehemu ya wajibu wetu wa uraia, mradi tujue tunaomba nini, kwa msingi gani na kwa masharti gani.

Tuanze na msingi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 46, inamtambulia kila mtu haki ya kustawi kiutamaduni na uhuru wa ubunifu wa sanaa, na inaiagiza serikali kuulinda na kuukuza urithi wa utamaduni wa taifa. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya kuandika ombi hilo. Basi anayepeleka barua komini hapigi magoti mbele ya mfadhili. Anatimiza jambo lililoandikwa katika sheria kuu. Tena Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa kwa kura katika miji mikuu ya majimbo. Aliyeomba kura yetu hawezi kushangaa tukimletea barua.

Yafaa pia tukumbuke historia, kwa maana hapa kwetu serikali na sanaa zimekutana kwa uchungu. Jirani zetu Walega, wa Mwenga na Shabunda, walikuwa na bwami, chama kilichowaongoza watu kupanda ngazi za heshima na hekima. Sanamu ndogo za pembe na vinyago vya mti havikuwa pambo. Kila kimoja kiliambatana na methali, na mwalimu alikionyesha ili kufundisha mwenendo mwema: kiasi, uvumilivu, heshima kwa wazee. Mwaka 1948 utawala wa kikoloni ulikipiga marufuku chama hicho. Leo vingi kati ya vitu hivyo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wataalamu husafiri mbali kwenda kuvitazama, hali mtoto wa Bukavu anaweza kumaliza shule bila kukiona hata kimoja. Mamlaka iliyowahi kutumia nguvu zake kuifukuza sanaa ina deni. Kuiomba leo itoe paa ni kuiomba ianze kulipa.

Kuna mifano inayotutia moyo. Mwaka 1943 Bruda Marc-Stanislas alianzisha shule ya sanaa ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi, katika Kongo ya Chini. Baadaye ilihamia Kinshasa, na mwaka 1957 ikawa Akademia ya Sanaa, ambayo hadi leo ni chuo cha serikali. Mbegu ilipandwa na mtawa mmoja, na taifa likaupokea mti. Huko Dar es Salaam, mwaka 1972, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa, ambapo vijana wasio na kazi walijifunza na kuuza kazi zao. Rais Julius Nyerere aliiunga mkono, na baadaye ikapata jengo lake katikati ya mji. Humo aliingia George Lilanga, aliyeajiriwa kwanza kama mlinzi wa usiku. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na wenzake walikuwa wakifanya kazi mbele ya macho yake, mlinzi yule akawa mmoja wa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Je, katika Ibanda kuna walinzi wangapi wa namna hiyo, ambao hawajawahi kupewa mlango wa kulinda?

Hapa kuna pingamizi zito, nalo lastahili jibu la kweli. Mama anayeuza mboga kando ya barabara atauliza: mvua inabomoa nyumba mlimani, barabara ni matope, maji hayafiki, nanyi mnaomba ukuta wa kutundika picha? Mama huyo ana haki. Komini ikilazimika kuchagua kati ya mtaro wa maji na rangi za mafuta, ichague mtaro. Lakini uchaguzi huo si ule tunaouweka mbele yake. Jumba la mtaa linaloendeshwa kwa kujitolea haliombi fedha za mtaro. Linaomba chumba kinachokaa kitupu, barua yenye muhuri, na usalama wa kutosumbuliwa kila wiki na mtu mwenye kitabu cha risiti. Tena watu waliopitia vita na kufukuzwa makwao hawaishi kwa unga pekee. Kijana aliyejifunza kuchora huzuni yake amepata njia nyingine ya kuisema kuliko ngumi au chupa. Na kijana anayeuza sanamu aliyoichonga analeta unga nyumbani.

Basi tuombe nini? Kwanza, mahali: chumba au uwanja wa umma, kwa mkataba wa maandishi wenye miaka inayojulikana, usiotegemea urafiki na mkuu aliyepo, kwa maana wakuu hubadilishwa. Pili, utambulisho: kikundi kijiandikishe kulingana na sheria ya 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyotafuta faida, ili komini iwe na mtu wa kuzungumza naye. Tatu, nafuu ya ushuru kwa siku za maonyesho. Nne, hata kiasi kidogo, nafasi katika bajeti ya komini. Sheria ya mwaka 2008 juu ya miji, komini na sekta inazipa sehemu ya 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotengewa jimbo. Sote twajua kwamba mgao huo hufika kwa shida. Lakini mstari ulioandikwa katika bajeti, hata ukiwa haujapata fedha, ni ahadi ambayo raia anaweza kuikumbusha.

Kuna hatari moja ambayo sitaifumba. Anayetoa chumba aweza kutaka picha yake itundikwe mlangoni, na wakati wa kampeni aweza kuugeuza ukumbi kuwa makao ya chama. Aweza pia kukasirika akiona mchoro unaoonyesha mashimo ya barabara. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba uchaguzi wa kazi za kuonyeshwa ni wa kamati, na kwamba hakuna bendera ya chama ndani. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931, yanatuongoza vema hapa: chombo kikubwa kisinyang'anye kile ambacho chombo kidogo chaweza kufanya, bali kikisaidie. Komini itoe paa, vijana waendeshe nyumba. Msaada unaotaka kutawala tuukatae kwa adabu, hata kama ukumbi utabaki ndotoni mwaka mmoja zaidi.

Na sisi je? Papa Fransisko, alipokutana na vijana mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, aliwafundisha kwa vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na huduma. Vidole viwili kati ya hivyo vinahusu jambo letu moja kwa moja. Huduma ndiyo kujitolea kwenyewe: zamu ya kufagia, kufungua mlango saa iliyotangazwa, kumpokea mgeni. Uaminifu ni daftari. Kila franka iingiayo iandikwe, kila kazi iliyouzwa ijulikane msanii alipata kiasi gani, na hesabu ibandikwe ukutani pamoja na picha. Hatuwezi kudai uwazi kwa mkuu wa komini huku sanduku letu wenyewe likiwa gizani. Kikundi chenye daftari safi kinapofika ofisini, kinafika na hoja ambayo hotuba haiwezi kuizidi.

Haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya kuandika barua, fanyeni onyesho moja dogo katika ukumbi wa parokia, kwa siku mbili tu. Hesabuni waliokuja, andikeni majina ya waliochora, wekeni sahihi za wazazi na majirani. Kisha andikeni ombi, chukueni nakala yenye muhuri wa mapokezi, na hesabuni miezi mitatu. Jibu lisipofika, rudini na nakala yenu mkononi, kwa heshima na bila kuchoka.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Katika mtaa wetu, ni nani wenye kipaji ambao hatujawahi kuona kazi zao? Nani atawatembelea?
2. Ni chumba gani cha umma kinachokaa kitupu karibu nasi, na mamlaka gani inakisimamia?
3. Komini ikitukubalia, je, tuko tayari kufungua mlango kila Jumamosi kwa mwaka mzima?