KUSTAAFU KWA MLINZI KUSIWE KUTUPWA

Katika mchezo wa kandanda jina la mfungaji hufika mpaka vijijini siku ile ile, lakini jina la beki hutajwa siku aliyokosea. Wananchi wa Matombo hawahitaji kufundishwa habari hii. Mkulima wa milimani hukesha akilinda shamba lake dhidi ya nguruwe na nyani, lakini mjini Morogoro husifiwa yule aliyeshusha mikungu ya ndizi sokoni. Nani huuliza aliyekesha?

Leo tunataka kumsema mlinzi mmoja, Ndugu Nadir Haroub, mwana wa Zanzibar, ambaye mashabiki walimwita Cannavaro kwa kumfananisha na Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006. Mwaka huo huo wa 2006 Ndugu Nadir alijiunga na Young Africans ya Dar es Salaam, na akakaa nayo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Mwaka 2009 alivuka bahari akacheza kwa muda mfupi Vancouver, nchini Kanada, kisha akarudi nyumbani. Alikuwa nahodha wa klabu yake, na pia alikuwa nahodha wa Taifa Stars. Kijana wa Visiwani aliwaongoza uwanjani vijana wa Bara, nao wakamfuata bila kuuliza alikotoka. Wale wanaopenda kutugawa kwa makabila na kwa pande za bahari na waitazame picha hiyo.

Tarehe 1 Machi, 2014, Young Africans walikutana na Al Ahly ya Misri katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Al Ahly walikuwa ndio mabingwa wa Afrika. Washambuliaji walihangaika muda mrefu bila kupata kitu. Dakika zikiwa zimekwisha kuyoyoma, ikapigwa kona, na beki akapanda mbele akaupiga mpira kwa kichwa ukaingia wavuni. Bao lilikuwa moja, na mfungaji alikuwa Nadir Haroub. Katika marudiano huko Misri Al Ahly nao walishinda moja kwa bila, wakatutoa kwa mikwaju ya penalti. Hata hivyo Waafrika wengi waliona siku zile kwamba mabingwa nao ni watu, na kwamba mlinzi aliyezoea kusimama nyuma aweza kwenda mbele kazi inapomwita.

Lakini jambo tunalotaka wasomaji walifikirie zaidi ni namna alivyoagwa. Mwezi Agosti 2018 Young Africans walikuja Morogoro, katika Uwanja wa Jamhuri, wakacheza na Mawenzi Market mchezo wa kumuaga nahodha wao. Jezi yake namba 23 alikabidhiwa Abdallah Shaibu, beki kijana. Yeye mwenyewe hakuambiwa aende zake nyumbani, bali alipewa kazi ya umeneja wa timu. Basi mambo matatu yalifanyika: mzee aliheshimiwa angali na nguvu zake, kijana akakabidhiwa mzigo mbele ya watu, na ujuzi wa miaka 12 ukabaki ndani ya nyumba.

Hivyo ndivyo inavyopasa. Swali letu ni hili: kwa nini jambo hilo liwe bahati ya wachache, lisiwe desturi ya wote?

Tukumbuke walinzi waliotutangulia. Mwaka 1980 Taifa Stars ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika huko Nigeria kwa mara ya kwanza, na taifa zima likangoja miaka 39 kabla ya kurudi huko. Ngome ya timu ile walikuwamo nahodha Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Mohamed Kajole. Wakati ule mpira ulikuwa wa ridhaa, hata mchezaji hodari aliishi kwa kazi nyingine. Ndugu Tenga alikuwa amesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa na mahali pa kusimama alipoacha mpira, na toka mwaka 2004 hadi 2013 akawa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu. Ni mchezaji wa zamani aliyerudi kuijenga nyumba aliyoilinda. Lakini si kila mlinzi alikuwa na elimu ya namna hiyo, na makofi ya watu hayanunui dawa wala chumvi.

Morogoro yetu si ngeni katika mchezo huu. Mwaka 1975 Mseto walitwaa ubingwa wa Bara, wakawa wa kwanza kuutoa nje ya Dar es Salaam. Mtibwa Sugar wakautwaa mwaka 1999, wakarudia mwaka 2000. Vijana wa Matombo, Mkuyuni na Mvuha wanayajua majina hayo, na wapo wanaotamani kuteremka kwa njia ya Bigwa kwenda kutafuta riziki kwa miguu yao. Hatuwazuii. Tunataka waende wakiwa na macho.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kijana asitie sahihi karatasi ya klabu kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya mjomba wake, kama desturi ya Waluguru inavyompa mjomba dhamana ya mtoto wa dada yake. Asiache shule kwa sababu ya mpira, maana goti likivunjika kitabu hubaki. Matawi ya Chama yawatafute wachezaji wa zamani waliomo katika vijiji vyao, yawape vijana wawafundishe, na wasingoje kuwataja siku ya mazishi. Nazo serikali za vijiji zipime kiwanja cha michezo na kukiandika katika mpango wa ardhi ya kijiji. Huku kwetu mahali tambarare ni pachache na kila mtu anapatamani, basi wenye ardhi wa koo waitwe, wasikilizwe, na neno likishakatwa lisivunjwe.

Wazee wa Uluguru waliokataa matuta ya lazima ya Mwingereza mwaka 1955 walikuwa walinzi. Hawakufunga bao, walizuia, na kwa kuzuia kwao nchi ilisonga mbele kuelekea Desemba 9, 1961. Sisi tunaokula matunda ya ulinzi huo tuna deni kwa kila aliyesimama nyuma akatulinda, shambani, mpakani na uwanjani. Deni hilo lilipwe angali hai.

Uhuru na Umoja!