Neno 'vaccine' lilitoka zizini

Kila Januari, nyumba nyingi za Arusha, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, hupokea mgeni mgumu: daftari la baiolojia la kidato cha kwanza, Kiingereza mwanzo mwisho. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anakesha akikariri maneno. Mama anakaa pembeni, anaona hana msaada kwa sababu lugha yenyewe haijui.

Msaada anao. Chukua neno 'vaccine'. Linatokana na 'vacca', yaani ng'ombe kwa Kilatini. Mwaka 1796 daktari wa Uingereza, Edward Jenner, alichukua majimaji ya kidonda kwenye mkono wa msichana mkamua maziwa aliyeambukizwa ndui ya ng'ombe, akayaingiza kwenye mikwaruzo ya mkono wa mtoto wa miaka 8. Baadaye akamjaribu kwa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. (Leo angefanya hivyo angeishia mahakamani.) Mtoto aliyekua akikamua kabla ya kwenda shule hahitaji kuliandika neno hilo mara kumi. Muulize tu: ng'ombe anatafuta nini ndani ya sindano?

Kisha muulize sisi tulisemaje. 'Chanjo' ni kutokana na kuchanja, kwani ngozi ilichanjwa kwanza ndipo dawa ikaingia. Wenzetu walimtazama ng'ombe, sisi tukatazama wembe. Hapo mtoto ameshika maneno mawili kwa mpigo, na mada ya kinga ya mwili imeanza bila mtu kukaripiwa.

Yapo pia yaliyotoka hapa hapa kwetu. 'Safari' iliyoandikwa kwenye milango ya magari ya watalii mjini, Waingereza waliichukua kwenye Kiswahili, nasi tuliipata kwa Waarabu. Na 'chikungunya', ambalo madaktari wa dunia nzima hulitamka, ni neno la Kimakonde. Ugonjwa huo ulitambuliwa kufuatia mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Ila asili ya neno isichukuliwe kama jibu la mtihani. 'Malaria' ni Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa sababu watu walidhani harufu ya madimbwi ndiyo inayoua. Mbu alikuja kubainika mwaka 1897. Mtoto akiandika hewa mbaya, mwalimu atamkosesha, na atakuwa na haki.

Kwa familia za kuzunguka Mlima Meru, neno lenye uzito zaidi huenda ni 'fluoride'. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutiririka, kwa kuwa madini yake yalitumiwa na wayeyusha metali ili metali itiririke vizuri. 'Fluid' na 'influenza' ni ndugu zake, hivyo akilijua moja amepata matatu. Lakini huku kwetu floridi iko kwenye maji yanayopita katika miamba ya volkano, na iko kwenye meno. Binti anafika shule ya bweni, wenzake wa mikoa mingine wanamwambia hapigi mswaki, anaanza kucheka huku amefunika mdomo. Akijua rangi ile ya kahawia ilitoka kwenye maji aliyokunywa meno yake yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, angalau ana la kuwajibu.

Meno ya binti huyo hayatarudi meupe kwa mswaki. Mdogo wake mwenye miaka miwili bado ana nafasi. Kuchemsha maji hakuondoi floridi, kwa hiyo ulizeni wasimamizi wa maji wa kijiji chenu kipimo ni ngapi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Karatasi ya maabara ikija kwa Kiingereza, mpeni huyo wa kidato cha kwanza aisome.