Siku Mbili Mahenge Wakati wa Masika

Masika yakifika Lupiro, maji hujaa mabondeni na mbu huzidi. Jamaa nyingine hufunga safari ya siku mbili kupanda Mahenge, wapate kuwaamkia wazee na kupumzika. Twaisifu safari hiyo, maana wazazi walioinama mashambani tangu alfajiri hupata nafasi ya kuzungumza na watoto wao.

Lakini mtoto akishikwa na homa huko juu, twasikia wakubwa wakisema, “Ni baridi ya mlima,” kisha humfunika blanketi na kungoja. Sivyo ilivyo. Lupiro i bondeni, yapata mita 300 juu ya bahari. Mahenge ni kama mita 1,000. Kwa kila mita 100 tupandazo hewa hupoa nusu digrii au zaidi, basi mtoto wa bondeni atatetemeka. Walakini baridi haizai malaria. Malaria huletwa na mbu, na homa yake huanza siku 7 au zaidi baada ya mtu kuumwa. Augua mlimani leo, naye aliumwa nyumbani juma lililopita au kabla ya hapo.

Kwa hiyo, mama, chukua sweta na chandarua pia, kwani hata mlimani mbu wapo. Baba, uliza kwanza habari za njia, maana ukungu na utelezi ni adui za dereva. Na homa ikitokea, msingoje kurudi: mpelekeni mtoto hospitali siku ile ile, apimwe damu. Tusimpoteze kwa kuusingizia mlima.