Watoto Saba wa Internati Wasiachwe Nje

Baba na mama wa Mususa, na ninyi wa Bulengera, Vulamba na Kimemi ambao watoto wenu wanalala katika internati za mji huu wa Butembo, nawaandikia nikiwa na hasira, wala sitaificha.

Juma lililopita nilikuwa langoni mwa shule moja hapa kwetu asubuhi wazazi walipoitwa. Jioni iliyotangulia, wanafunzi wa internati walikataa chakula. Hawakuvunja kioo, hawakumpiga mtu. Waliketi chini uwanjani, wavulana kwa wasichana, wakaimba, kisha wakampelekea prefe karatasi yenye mambo matatu: maharagi yenye wadudu, maji yasiyotosha hata kunawa uso, na mlango wa bweni unaofungwa kwa kufuli, kwa nje, kila usiku. Kulipokucha wote walitolewa na magodoro yao. Amri ikawa kila mmoja arudi na mzazi wake na barua ya kuomba msamaha, ila saba wasirudi kabisa. Wanne kati ya hao saba ni wa mwaka wa sita, egzeta iko mbele yao.

Sababu za njaa ya internati tunazijua sote: vita vimewatoa watu mashambani, bei sokoni zimepanda, minervali inachelewa, na elimu ya bure iliyotangazwa mwaka 2019 ni ya shule ya msingi, haikufika sekondari wala bwenini. Sitakaa hapo.

Kinachonichoma ni sisi wazazi. Tuliingia ofisini mmoja mmoja. Huyu na kuku kwapani, yule na bahasha, yule na jina la mkubwa fulani wa mjini anayefahamiana naye. Kila aliyetoka na ruhusa ya mtoto wake alipita haraka bila kutazama pembeni, kwa sababu pembeni walikuwa wameketi mama za wale saba. Nilimsikia baba mmoja akimwambia mmoja wao, "Mama, mtoto wako ndiye amewaponza wenzake." Mtoto wa baba huyo alikuwa ameketi uwanjani na wengine, aliimba na wengine, na mlango uliomfungia ni ule ule. Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa wengi pale, na hakuna aliyemjibu!

Watoto walisimama pamoja usiku kucha. Sisi tulishindwa kusimama pamoja asubuhi moja.

Kumbukeni Beni. Tarehe 22 Aprili 2021 wanafunzi wa mji ule waliingia uwanja wa meria wakasema hawatoki mpaka Rais Félix Tshisekedi aje aone wanavyouawa wazazi wao, katika mauaji yaliyoanza Oktoba 2014. Walilala pale, juu ya saruji, siku baada ya siku, mpaka polisi walipowatoa kwa nguvu mwisho wa mwezi. Siku hizo hizo Kinshasa ilitangaza utawala wa kijeshi kwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ukaanza tarehe 6 Mei, na Juni Rais mwenyewe alifika Beni. Amani haikuja, hilo tunalijua kwa makaburi yetu. Lakini watoto wenye sare na daftari waliitikisa nchi kwa sababu hakuna aliyekwenda kivyake kuomba aachiwe arudi nyumbani.

Wapo watakaosema kufuli ni kwa ajili ya usalama. Wanataja Mpondwe, hapo ng'ambo ya Kasindi, ambako Juni 2023 waasi wa ADF waliua wanafunzi 37, wengine wakiteketea ndani ya bweni. Uchungu wa Mpondwe ni wetu, wale ni ndugu zetu wa damu. Lakini kufuli la nje halimzuii muuaji, linamzuia mtoto asikimbie. Kule Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, Machi 2001, wavulana 67 waliungua bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Na ninyi wanafunzi mnaosoma haya, sikieni vizuri: moto wa Kyanguli uliwashwa na wanafunzi wenzao, waliokuwa na malalamiko yao. Petroli haimfiki mkuu wa shule, inamuua jirani yako wa kitanda. Mlivyofanya ninyi, kukaa chini na kuandika, ndivyo mwendelee kufanya.

Sasa sisi wazazi. Mama wa Mususa anamkabidhi mwenzake franga zake za likirimba mwezi baada ya mwezi, akingoja zamu yake, na halali akiwa na wasiwasi. Tunachangiana kilio, tunachangiana mahari, tunafanya salongo barabarani serikali isipofika. Imekuwaje tuweze kuaminiana kwa fedha, tushindwe kuaminiana kwa watoto?

Ambaye hajaandika barua ya msamaha, asiandike. Aliyekwisha kuandika, aandike nyingine, mistari miwili tu: mwanangu alikuwa pamoja na wale saba, mkimfukuza mmoja mmewafukuza wote. Sahihi ziwe kwenye karatasi moja, majina yamechanganyika, asijulikane nani ametangulia. Kamati ya wazazi, mliochaguliwa na sisi, ombeni daftari la chakula: nani ananunua maharagi, wapi, kwa bei gani. Kisha nendeni saa tatu usiku, bila kutoa taarifa, mkaushike mlango wa bweni kwa mikono yenu. Komeo liwe ndani, na ufunguo ukae kwa msimamizi anayelala humo humo pamoja na watoto.

Walimu, ninyi mnajua mgomo ni nini. Mmegoma mara ngapi kwa mishahara yenu, na wazazi wakawavumilia watoto wakikaa nyumbani? Msikae kimya leo. Mapadri, wachungaji, maimamu, wakubwa wa kartieri, kila mmoja kwa nafasi yake afanye analoweza, nawasihi.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, tukutane langoni mwa shule ile. Mnaijua. Njooni hata kama mtoto wenu amekwisha kurudishwa, njooni hasa kama amekwisha kurudishwa. Msije na kuku wala bahasha. Mama za wale saba watangulie mbele, sisi tuwe nyuma yao. Prefe akiita jina la mzazi mmoja aingie peke yake, asiingie. Aje yeye nje, atuambie sote kwa mara moja siku gani watoto saba wanarudi darasani, na tusiondoke kabla hajaitaja hiyo siku.