Ngano ya Hanang, deni la Yaeda Chini

Wadau, kila ikizuka hoja ya kufufua mashamba ya zamani ya NAFCO kule Basotu, Hanang, mimi najiuliza: yafufuliwe kwa faida ya nani?

Tukumbuke tulikotoka. Miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, shirika hilo la umma lilianza kulima ngano, hadi mashamba yakakaribia ekari laki moja. Zikaja nyumba za wafanyakazi, karakana, matrekta. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kikabwagwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985.

Sasa mfugaji akinyang'anywa malisho atafanya nini? Anahama na ng'ombe wake. Wengine wakaishia bonde la Yaeda, Mbulu, kwa Wahadzabe wanaoishi kwa asali, mizizi na mawindo. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000. Jambo jema kabisa, ila hati hailishi ng'ombe wa jirani.

Ndiyo maana nasema mpango wowote wa mashamba yale usianze na hesabu ya magunia. Uanze na njia za mifugo, maji na malisho. Ndipo zifuate ngano, makazi, shule na karakana. Ukimsahau mfugaji Hanang, atakayelipa ni Mhadzabe wa Yaeda Chini.

Naomba kutoa hoja. Mnasemaje?