Usiitukane akili mnemba kabla hujasoma swali lako

Mkulima kaniletea simu, kafura: "Bwana shamba, hii akili mnemba ni tapeli!" Nikasoma alichoandika: "Mahindi yanaugua nipe dawa." Ikamtajia dawa ya ukungu, akapiga ekari mbili. Shamba lina viwavijeshi vamizi! Dawa ya ukungu haiui kiwavi, hata uipige mara kumi.

Ndugu zangu, hata mimi ukinipigia hivyo nitakuuliza maswali saba kwanza. Mashine mara nyingi haiulizi, inabahatisha. Iandikie hivi: "Niko Kilosa. Mahindi ekari mbili, wiki nne tangu yaote. Majani yametoboka, kwenye moyo wa mmea kuna kinyesi kama vumbi la mbao. Kiwavi ana alama ya Y iliyopinduka kichwani. Sijapiga dawa yoyote. Niulize unachokosa kabla ya kushauri. Kama huna hakika, sema."

Dawa itakayotaja, hakikisha imesajiliwa na TPHPA. Kipimo soma kwenye lebo ya chupa, si kwenye simu.

Na ninyi wenye maduka ya pembejeo, mlimwuzia bila hata kumuuliza anaua nini. Au chupa ikishatoka dukani basi?